Mgeni Rasmi Hajala

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, usisikitike sana, maana hakukuwa na habari njema. Mimi ni Tumsifu, mtu wa Machame, afisa ugavi niliyehamishiwa Bariadi, na katibu wa kikundi cha kujitolea kinachoitwa Tumpokee Mama.

Kikundi chetu kina nyumba moja tu. Wajawazito wanaotoka mbali, Kimali na Zagayu na kwingineko ambako mvua ikinyesha barabara inageuka mto, huja kukaa humo kusubiri siku zao. Uchungu ukianza, wawe karibu na hospitali.

Sasa upepo ukaja ukaezua paa. Kina mama wote wakahamia sebuleni kwa mwenyekiti wetu, Mama Mektilda, mkunga mstaafu, ambaye tangu siku hiyo analala jikoni kwake mwenyewe bila kulalamika.

Tusipoezeka kabla mvua hazijakolea, kina mama wale watarudi vijijini wakajifungulie huko huko. Hilo tu ndilo lililotufanya tuandae chakula cha jioni cha hisani. Na mtu aliyetoa wazo hilo ni mimi, kwa mdomo wangu huu huu.

Wiki jana niliishia pale mgeni rasmi wetu, ambaye jina lake lilishachapwa kwenye kadi, alipopiga simu kusema ameitwa Dodoma. Kadi zimeshagawiwa, nyama imeshaagizwa, mgeni hatuna.

Kamati ikashika tama. Mimi nikasimama nikasema, "Niachieni mimi."

Ndugu msomaji, siku ukinisikia nikisema maneno hayo, jifungie ndani.

Nilimfuata Mboje. Huyu ni mfanyabiashara wa ng'ombe na mpunga kutoka Shishiyu, na Simiyu nzima inamjua kwa mambo mawili. Kwanza, akitoa hatoi kwa kijiko. Pili, ana msemo wake ambao haubadilishi kwa mtu yeyote: "Sitoi mahali sijala."

Nilimkuta mnadani, amesimama na fimbo yake kati ya madume ya ng'ombe.

"Mwangaluka, mzee," nikamsalimia. Hapo nilikuwa nimetumia Kisukuma changu chote.

"Mwangaluka ni ya asubuhi. Saa hizi sema mwadila," akajibu bila kunitazama. "Wewe mtu wa wapi?"

"Wa Machame, mzee."

"Mchagga mnadani. Umekuja kununua au kuuza?"

"Nimekuja kuomba."

Akageuka akanitazama vizuri. "Mchagga anaomba! Basi dunia imefika mwisho. Sema."

Nikamweleza habari ya nyumba, habari ya paa, habari ya wajawazito wanaotoka mbali. Nilipofika hapo kwenye wajawazito wanaotoka mbali, akaanza kuchora chini kwa fimbo. Nilidhani anapiga hesabu ya mabati.

"Mkubwa wa kikundi hicho ni nani?" akauliza.

Hapo ndipo nilipopaswa kulitaja jina la Mama Mektilda. Ni jina moja tu, na lingetuokoa sote.

"Mkubwa unaongea naye hapa, mzee," nikasema, nikakaza kola ya shati.

"Nitakuja," akasema. "Lakini desturi yangu unaijua."

"Utakula mpaka ukatae, mzee."

Nilirudi mjini kifua mbele. Na kwa kuwa mimi napenda kupigiwa makofi kwa mkupuo, niliamua kutomwambia mtu yeyote mgeni ni nani. Nilitaka waone gari linaingia, wamwone Mboje anashuka, halafu wote wageuke wanitazame mimi.

Philomena, mweka hazina wetu, mhasibu kutoka Bukoba asiyependa mambo ya gizani, alinibana.

"Tumsifu, mgeni rasmi ni nani?"

"Mtamwona."

"Haya mambo yako ya mtamwona ndiyo yaliyotuletea viti vilivyoandikwa jina la marehemu. Mficha uchi hazai!"

"Utazaa mwaka huu, Philomena. Subiri."

Mama Mektilda akacheka. "Mwacheni mwanangu afurahi. Anataka kutushangaza."

Alisema kweli. Niliwashangaza.

Siku ikafika. Ukumbi tulikuwa tumeukodi pale Somanda, na mawingu yalikuwa mazito tangu mchana. Upande mmoja wa ukumbi waliketi wenyeji, wakulima wa pamba na wafanyabiashara na mama zao. Upande wa pili tuliketi sisi wa kuja, watumishi kutoka Mbeya, Tanga, Bukoba na Kilimanjaro, tuliovaa tai na kutazama saa.

Nilipanga mambo yote mwenyewe, kwa ustadi wa ugavi. Gari la mgeni rasmi niliagiza liegeshwe langoni kabisa, katikati, ili kila anayeingia alione. Wenye magari waliokuwa wameshaingia ndani ya uzio wakaniuliza watatokaje. Nikawaambia mtu mstaarabu hatoki kwenye hafla kabla ya mgeni rasmi.

Meza kuu niliiwekea viti viwili tu, bega kwa bega, cha mwenyekiti na cha mgeni. Katikati yao nikaweka sinia moja kubwa la wali na nyama ya kuchoma, la watu wawili, lenye mapambo ya nyanya. Nilisimama mbali nikalitazama, nikajipongeza.

Mboje akaingia. Ukumbi ukasimama. Nilimpeleka mpaka kwenye kiti, akaketi, akaweka kofia juu ya goti. Mshereheshaji wetu, Mwalimu Shija, mzaliwa wa Zagayu, alimtazama mgeni, kisha akanitazama mimi, kisha akaanza kupepesa macho kama mtu aliyeingiwa na mdudu. Nikamwonyesha dole gumba.

Mama Mektilda alikuwa jikoni akimtuliza Elina, binti mjamzito kutoka Kimali ambaye tulimwomba aje kutoa ushuhuda. Nikamwita. Akatoka, amevaa kitenge kipya, anatabasamu, akaanza kuja meza kuu.

Katikati ya ukumbi akamwona mgeni. Akasimama ghafla. Akavuta kitenge akajifunika kichwa mpaka usoni, akageuka kurudi alikotoka.

Mboje naye akaruka kutoka kwenye kiti. Akavaa kofia akaishusha mpaka kwenye nyusi, akageukia ukutani, akaanza kusoma bango letu, ambalo lilikuwa na maneno matatu tu. Alilisoma kwa muda mrefu.

Mimi nikasema moyoni, jamani, hawa watu wa huku wana haya! Nikamkimbilia Mama Mektilda nikamshika kiwiko.

"Mama, njoo. Mgeni anakusubiri umpe mkono."

"Tumsifu, niachie."

"Usione haya, Mama. Ni mtu wa watu."

"Niachie, mwanangu!"

Shija akaja mbio, akaninong'oneza kwa hasira, "We! Mwache! Ni mayu bukwi wake huyo!"

Kisukuma changu unakijua. Hilo la pili sikulielewa, lakini mayu nilikuwa nalijua. Mayu ni mama. Nikapigwa na furaha mpaka nywele zikasisimka. Kumbe ni mtu na mama yake! Ndiyo maana wameshtukiana hivi! Wamepotezana miaka, na leo wanakutanishwa na mimi, Tumsifu!

Nikampokonya Shija kipaza sauti.

"Ndugu wageni waalikwa! Kumbe mgeni rasmi wetu ni mtoto wa nyumbani! Mama, mkumbatie mwanao!"

Ukumbi ukagawanyika pande mbili. Upande wetu wa kuja ulilipuka kwa makofi. Philomena alipiga vigelegele mpaka akasimama juu ya kiti. Upande wa wenyeji ukapiga kelele, "Yaya! Yaya!" Nilidhani wanaita mlezi wa watoto. Baadaye nikafundishwa kuwa yaya kwa Kisukuma ni hapana.

Mpiga picha, mtu wa Tanga, akasema, "Mama sogea kidogo, mwegemee begani."

Mama Mektilda akanichapa mkono, akatokea mlango wa jikoni. Mboje akatokea mlango wa mbele. Sinia likabaki peke yake meza kuu na nyanya zake.

Shija akanivuta pembeni.

"Unajua bukwi ni nini?"

"Si mambo ya mama?"

"Ni ukwe! Yule ni mama mkwe wake! Mboje alimuoa binti yake. Kwetu mtu na mama mkwe hawapeani mkono, hawatazamani usoni, hawali pamoja. Ni heshima. Wewe umewaambia wakumbatiane kwenye kipaza sauti, tena umewawekea sinia moja!"

Nilihisi baridi kuanzia kisogoni mpaka kwenye soksi.

"Mbona hukuniambia mapema?"

"Ulimtaja mgeni? Ungemtaja, kila mtu angekuambia. Hata mbuzi wa sokoni wangekuambia!"

Philomena alikuwa amesimama nyuma yetu, ameziba mdomo kwa kitambaa. "Na mimi nimepiga vigelegele," akasema. "Tumsifu, nikifa kwa aibu uje Bukoba uwaeleze wazazi wangu."

Nikakimbia nje. Mboje alikuwa kwenye gari lake pale langoni, mlango wazi, mguu mmoja nje. Matone ya kwanza ya mvua yalikuwa yameanza. Nikapiga magoti kwenye changarawe na suruali yangu ya hafla.

"Mzee, nisamehe. Sikujua."

"Inuka. Utachafuka bure." Akanitazama. "Siku ile mnadani nilikuuliza mkubwa wa kikundi ni nani. Ukasema ni nani?"

"Nilisema ni mimi, mzee."

"Na sasa mkubwa ni nani?"

"Ni Mama Mektilda, mzee."

"Umechelewa kuniambia. Ningekuambia pale pale kwamba mezani na yule mama siwezi kuketi." Akavuta pumzi. "Kijana, nimeaibika, na nina njaa. Kula hapa siwezi. Na mimi nisipokula..."

"Najua, mzee. Nikuletee sahani hapa?"

"Nile ndani ya gari kama nimekiiba? Mgeni rasmi?"

Niliyaona mabati yetu yakiondoka na gari lile moja baada ya jingine. Niliwaona kina mama wakifunga vitenge vyao kurudi Kimali. Machozi yalinilenga, na safari hii hayakuwa ya kujionea huruma peke yake.

Lakini Mboje hakuwasha gari. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mayu ana afya?"

"Ana afya, mzee."

"Tangu mazishi sijamwona," akasema. Mazishi ya nani hakusema, nami sikuthubutu kuuliza.

Philomena akatoka mbio. "Mama Mektilda anasema mtundike pazia! Anasema mgeni hafukuzwi na adabu yake mwenyewe. Yeye atakaa upande wa jikoni, mgeni upande wa mlango, na shughuli iendelee."

Tukavua vitambaa vyeupe vya meza, tukavifunga kwa pini kwenye kamba ya mapambo, tukagawa ukumbi. Mboje akaingia akaketi upande wake. Safari hii wenyeji ndio waliopiga makofi, na watumishi wakabaki wanaulizana kuna nini.

"Sasa," Shija akaniambia, "wewe uliyevunja ndiye utakayeunga. Simama hapo katikati ya pazia. Maneno ya huku upeleke kule, ya kule ulete huku."

"Lakini si watasikiana tu?"

"Watasikiana. Wewe peleka."

Basi nikasimama, pua upande huu, kisogo upande ule.

"Mwambie mgeni karibu sana," akasema Mama Mektilda kutoka nyuma ya pazia.

"Mzee, Mama anasema karibu sana."

"Mwambie wabeja, nashukuru."

"Mama, mgeni anasema wabeja."

"Nimesikia, mimi si kiziwi."

"Mzee, Mama anasema yeye si kiziwi."

"Hilo usilete!" Mama akafoka, na ukumbi mzima ukacheka, wenyeji na wa kuja kwa pamoja, mara ya kwanza jioni ile. Hata bega la Mboje lilitikisika. Nikaanza kupata matumaini. Nikamnong'oneza mpishi alete sahani ya mgeni, ya peke yake.

"Mwambie," Mama Mektilda akaendelea, "najua anajiuliza mkunga mzee kama mimi nyumba iliyojaa wajawazito ya nini, badala ya kupumzika. Mwambie ni kwa ajili ya Anyes."

Kicheko kikakatika upande wa wenyeji, kikafuata cha upande wetu. Shija akaniambia sikioni, "Anyes ni binti yake. Ndiye aliyekuwa mke wa Mboje."

"Mwambie," sauti ikatoka nyuma ya kitambaa, "Anyes alishikwa na uchungu kule Shishiyu, mvua inanyesha, yeye mkwe wangu yuko safarini na ng'ombe. Wakampakia kwenye mkokoteni. Siku ile mimi nilikuwa zamu hapa Bariadi, napokea watoto wa watu. Wa kwangu akafia njiani na mtoto wake. Mwambie sijawahi kumlaumu. Nimetaka kumwambia hivyo tangu siku ya mazishi, lakini sisi hatuzungumzi. Nikasema basi, asiwepo tena mtoto wa mtu wa kusubiri uchungu mbali."

Nilikuwa nimesimama pale katikati na maneno yale mikononi. Nililia mbele za watu, na sioni haya kulisema.

"Usirudie," Mboje akaniambia. "Nimesikia."

Akavua kofia akaiweka mezani. Kisha akajifuta uso kwa kiganja.

"Mwambie Mayu nilidhani ananichukia," akasema. "Nilidhani ndiyo maana yuko kimya."

"Nimesikia," likaja jibu, na mimi sikuwa nimefungua mdomo.

Mboje akaivuta sahani. "Haya. Nitakula."

Nakiri kwako wewe unayesoma. Machozi yangu yalikuwa bado hayajakauka, na jicho langu lilikuwa kwenye mkono wake. Ukashuka kwenye sahani. Ukachukua pande la nyama. Ukaanza kupanda. Ulifika kidevuni.

Nyuma ya pazia Elina akapiga ukelele.

"Chupa imepasuka!" Mama Mektilda akaita. "Na uchungu umekuja wote kwa mara moja. Leteni gari!"

Nyama ikarudi kwenye sahani.

Watu wakatoka mbio kwenda kwenye magari, na huko wakakumbuka lango. Magari yote yalikuwa ndani ya uzio, yamezibwa na gari moja lililowekwa katikati ili lionekane. Wakageuka wote wakanitazama. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimetamani watazame, ila si kwa macho yale.

"Funguo ninazo," Mboje akasema. "Twendeni."

Akaenda akafungua mlango wa nyuma, kisha akageuza uso kutazama barabara. Kina mama wakamleta Elina wakamlaza kitini. Mama Mektilda akafika mlangoni, amejifunika kitenge, akasita. Mkwe yuko huku, mkwe yuko kule, na mvua imeanza kumwagika.

"Mwambie Mayu aingie," Mboje akasema akitazama barabara.

"Tumsifu, panda mbele," Mama Mektilda akasema. "Chukua kitambaa cha meza, ukishike katikati."

Nikang'oa kitambaa kwenye kamba. Shija akanifuata mbio, akanisukumia kitu kingine kifuani. Ilikuwa sahani ya mgeni, imefunikwa na nyingine.

"Mlishe njiani!" akanong'ona. "Unajua asipokula!"

Ndivyo tulivyoondoka. Mboje kwenye usukani. Mimi kando yake, nimegeuka nusu, mkono mmoja umeinua kitambaa cheupe nyuma ya kiti chake, mkono mwingine umekumbatia wali na nyama. Kabla ya kuingiza gia, Mboje alinyoosha mkono akakigeuza kile kioo cha ndani, kikatazama juu kwenye paa la gari, asije akamwona mama mkwe kwa bahati mbaya.

"Mzee, kipande kimoja tu," nikajaribu.

"Kijana, nyamaza."

Elina alikuwa akilia kwa Kisukuma. Mama Mektilda alimjibu kwa sauti ya upole ambayo sikuwahi kumsikia akiitumia kwenye vikao vyetu. Mvua ilikuwa imeziba kioo cha mbele, Mboje akaendesha ameinamia usukani.

Kabla ya kufika hospitali kuna korongo. Ukipita kiangazi hutalijua kama lipo. Jioni ile maji yalikuwa yakipita juu ya barabara, mekundu, yamebeba matawi ya miti. Mboje akafunga breki.

"Mwambie Mayu hatuwezi kuvuka mpaka yapungue."

"Mama, anasema..."

"Nimesikia. Mwambie mtoto huyu hasubiri maji yapungue."

Nikamsikia Elina akivuta pumzi fupi fupi.

"Nahitaji mwanga," Mama akasema. "Na nahitaji mtu mwenye nguvu wa kumshika."

"Mimi, Mama?" nikauliza. Sauti ilitoka nyembamba.

"Wewe sahani zinagongana mikononi, mwanangu. Kaa hapo hapo."

Kisha akafanya jambo ambalo mtu wa Bariadi hatakuamini ukimsimulia.

"Mboje," akaita. Aliliita jina lake, hivyo hivyo, bila lile neno mwambie. "Washa taa ya ndani. Njoo huku nyuma."

Mboje hakusogea. Mikono yake ilikuwa imeukamata usukani kama anavyoshika pembe za madume ya ng'ombe. Nilijua anachokiona mbele ya kile kioo, na si korongo lile. Kulikuwa na mvua nyingine, na mkokoteni, na yeye hayupo.

Akanyoosha mkono taratibu. Akakishika kioo cha ndani akakirudisha mahali pake. Macho yao yakakutana humo.

"Mayu," akasema. "Nipo."

"Basi njoo. Na wewe Tumsifu, lete hicho kitambaa, mtoto atakihitaji."

Nikakishusha. Mboje akawasha taa ya ndani, akashuka kwenye mvua, akazunguka, akaingia nyuma. Akapiga goti kwenye nafasi ndogo kati ya viti, akamshika Elina mabega, na bega lake likagusana na bega la mama mkwe wake. Hakuna aliyejivuta. Sahani ilikuwa bado mapajani mwangu, ya moto, na mgeni rasmi hajala. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe sikufikiria hata kidogo nani ataona nini.

"Mwanga hautoshi," Mama akasema.

Mboje akaachia mkono mmoja, akawasha tochi ya simu, akaishusha. Mama Mektilda akainama. 

"Si kichwa," akasema. "Ni mguu."

Mwanga wa tochi ukayumba.

"Mayu." Sauti ya Mboje ilikuwa imekauka. "Anyes... ilikuwa hivi?"

"Ilikuwa hivi hivi, ndivyo nilivyoambiwa." Mama Mektilda akavua kitenge chote kichwani, akakikunja, akakiweka chini ya mgongo wa Elina, akamtazama mkwe wake usoni. "Siku ile mimi sikuwepo, na wewe hukuwepo. Shika taa vizuri."